Mpiga Kura Mwenye Mizani Yake

Katika kata ya Mabatini, mjini Mwanza, yuko mama mmoja auzaye samaki wa kukaanga kando ya njia. Tulipopita kwake siku moja tulimkuta kijana amesimama mbele ya karai, akimwuliza kwa sauti yenye ukali kidogo: "Mama, hivi wewe ni wa upande gani hasa?" Mama yule hakukasirika. Aliendelea kugeuza samaki wake katika mafuta, kisha akajibu: "Mwanangu, mimi ni wa upande wa wanangu. Mwaka 2010 niliwapa hawa, mwaka 2015 nikawapa wale. Atakayekuja tena nitamsikiliza kwanza." Kijana akacheka, akawageukia wenzake: "Huyu ni popo. Si ndege, si mnyama."

Neno hilo tuliondoka nalo. Tuliwafikiri wasomaji wetu wengi, mjini na shamba, ambao nao wamepata kuitwa popo, au vuguvugu, au ndumilakuwili, kwa sababu tu hawana kadi ya chama chochote mfukoni. Tukajiuliza: Je, mama yule ana kosa gani? Na vyama vyetu, ambavyo kila kimoja chataka kura yake, vyamtendea kama mtu wa kuvutwa au kama mtu wa kudharauliwa? Somo letu la juma hili ni juu ya swali hilo. Hatuandiki ili kukisifu chama hiki au kukilaumu kile. Twaandika kwa kuwa, siku hizi ambapo nchi yetu imegawanyika vibaya, mtu wa namna ya mama yule ana thamani kubwa kuliko ajuavyo yeye mwenyewe.

I. NI NANI HUYU ASIYE NA CHAMA?

Sheria yetu yampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18 na kujiandikisha. Haimwulizi kadi. Lakini mtu atakaye kuchaguliwa kuwa mbunge au rais hana budi kuwa mwanachama wa chama na kupendekezwa na chama hicho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilikubaliana naye, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikalirudisha jambo kwa Bunge, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo lavunja haki za raia. Walakini sharti lingaliko. Basi mtu asiye na chama ana kura, lakini hana mgombea wake mwenyewe. Kila mara hana budi kuchagua miongoni mwa watu wa wengine.

Tusidhani kwamba watu hawa wote ni wa namna moja. Wako waliochoka, ambao huona kwamba wagombea wote ni mamoja, wakabaki nyumbani siku ya kura. Wako walio bendera, ambao hufuata upepo, au hufuata mkono uliofumbata noti. Na wako wenye mizani. Hawa husikiliza, hupima, hukumbuka ahadi za miaka mitano iliyopita, ndipo huamua. Mama wa Mabatini ni wa kundi hili la tatu. Kijana aliyemwita popo alikosea jina.

II. MIZANI YA PAMBA

Tumetumia neno mizani kwa makusudi, kwa maana katika nchi hii ya Ziwa neno hilo lina historia yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakiuza mazao yao kwa wafanyabiashara walioipima pamba wenyewe, kwa mizani yao wenyewe. Mkulima, ambaye aghalabu hakujua kusoma namba, aliambiwa uzito, akapewa fedha, akaenda zake na shaka moyoni. Basi wakulima wakafanya jambo la akili. Walijiwekea wapimaji wao, wenye mizani yao, ili pamba ijulikane uzito wake kabla ya kufika kwa mnunuzi. Kutokana na chanzo hicho kidogo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Bwana Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkuu. Likawa mojawapo ya mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika.

Sasa angalieni jambo hili. Tangu mwisho wa mwaka 1954 hadi mwaka 1958 serikali ya kikoloni haikuiruhusu TANU kufanya kazi yake katika Usukuma. Chama kilichotafuta uhuru kilifungiwa mlango katika eneo lenye watu wengi kuliko mengine yote. Lakini mlango ulipofunguliwa, hakikuwakuta watu wageni. Viongozi wengi wa ushirika walikuwa ndio hao hao waliopenda uhuru, na mkulima alikuwa amekwisha kuwaona wakifanya kazi. Hawakumjia kwanza kumwuliza yeye ni wa nani. Walimjia kumwuliza pamba yake ina uzito gani, na aliyempunja ni nani.

Hili ndilo fundisho la kwanza. Mtu asiye na chama huvutwa na yule aliyeshughulika na jambo lake kabla ya kuihitaji kura yake.

III. UAMUZI WA TABORA

Fundisho la pili twalipata Tabora, mwezi wa Januari 1958. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa masharti magumu. Mpiga kura ilimpasa awe na elimu ya kiasi fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyewachagua wote watatu kura yake iliharibika.

Wanachama wengi wa TANU walikasirika, nao walikuwa na haki ya kukasirika. Wengi walitaka chama kiususie uchaguzi. Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi wakubali kuingia, na historia yetu imeuita uamuzi huo Uamuzi wa Busara. Wengine hawakukubali. Bwana Zuberi Mtemvu alitoka, akaanzisha chama chake.

Baada ya kuamua kuingia, TANU ilikuwa na kazi ngumu. Wahindi na Wazungu wakati ule hawakuruhusiwa kuwa wanachama wake, nao walikuwa na kura. Chama kilichopendelewa na serikali, UTP, kilijinadi kwao kuwa ndicho mlinzi wao. TANU ingeweza kuwaambia: "Ninyi si wetu, hatuwataki." Badala yake ilitafuta miongoni mwao watu wenye kuheshimika, ikawaunga mkono: Bwana Derek Bryceson, Bibi Sophia Mustafa, Bwana Amir Jamal, Bibi Chesham na wengine. Ikawaeleza wapiga kura wa kila rangi kwamba uhuru hautakuwa kisasi. Uchaguzi ulipofanywa, Septemba 1958 na Februari 1959, UTP ilishindwa vibaya na haikupata kuinuka tena.

Tufikiri vizuri maana ya jambo hili. Chama chenye hasira ya haki, chenye umati nyuma yake, kiliona kwamba umati hautoshi. Kilikwenda kwa watu ambao hawakuwa wake, wala kwa sheria zake chenyewe hawangeweza kuwa wake, kikawatoa hofu. Hakikubadili lengo lake hata kidogo, ila kilibadili namna ya kusema nao.

IV. FUNDISHO LA MBULU

Lakini chama kikishinda sana huweza kusahau kilivyoshinda. Wazee walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwezi wa Agosti 1960 ulifanywa uchaguzi mwingine, wa viti 71. Katika viti 58 mgombea wa TANU hakupata mpinzani. Nguvu ya chama ilikuwa kama mafuriko, na mtu angedhani kwamba yeyote atakayesimamishwa na TANU, hata awe nani, atapita.

Huko Mbulu haikuwa hivyo. Chama kilimteua Chifu Amri Dodo. Wengi wa watu wa Mbulu walimtaka Bwana Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mtu wa TANU. Sheria ya wakati ule ilimruhusu mtu kusimama peke yake, basi Bwana Sarwatt akasimama bila idhini ya chama, akashinda. TANU ikapata viti 70, na kimoja kikaenda kwa mtu ambaye watu walimchagua wenyewe. Hawakuikataa TANU, wala hawakuukataa uhuru. Walichokataa ni kuchaguliwa mtu na watu wa mbali.

Twakitaja kisa hiki kwa kuwa vyama vyote vya leo vina ugonjwa huo huo. Kura za maoni hufanywa, kisha jina la aliyeshinda hukatwa, na la mwingine huletwa kutoka makao makuu. Mwanachama mtiifu hunyamaza akampigia huyo aliyeletwa. Mtu asiye na chama halazimiki kunyamaza. Humpima mtu mwenyewe, akimwona mwepesi, humwacha.

V. HESABU YA KURA

Wako wanasiasa watakaotujibu hivi: "Hao wasio na chama ni wachache na hawaaminiki. Afadhali tuwapashe moto watu wetu wenyewe, tushinde kwa wingi wao." Neno hilo lina nguvu kidogo, maana chama kisichowajali wanachama wake hufa. Lakini tufanye hesabu.

Mwaka 2005 Rais Jakaya Kikwete alipata kura zaidi ya milioni 9. Mwaka 2010 alishinda tena, lakini kwa kura milioni 5 na robo hivi, ijapokuwa walioandikishwa walikuwa wameongezeka, wakapita milioni 20. Zilipungua karibu milioni 4. Je, zilikwenda kwa wapinzani? Wagombea wawili wakubwa wa upinzani walipata jumla ya kura karibu milioni 2 mwaka 2005, na karibu milioni 3 mwaka 2010. Nyongeza yao ni milioni moja tu. Waliosalia, walio wengi, walibaki nyumbani. Mwaka 2005 walipiga kura watu 72 katika kila 100 walioandikishwa. Mwaka 2010 hawakufika 43.

Hesabu hii ni karipio kwa pande zote mbili. Chama tawala kilipoteza mamilioni ya watu ambao mpinzani wake hakuweza kuwachukua. Watu hao walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, na hakuna aliyewaendea kwa neno la kuwatosha.

Hapa Mwanza katikati ya uwanja palionekana wazi. Mwaka 2010 jimbo la Nyamagana, ambamo Mabatini imo, lilimwangusha Bwana Lawrence Masha wa CCM, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, likamchagua Bwana Ezekia Wenje wa CHADEMA. Jirani, katika Ilemela, Bwana Anthony Diallo wa CCM aliangushwa na Bwana Highness Kiwia wa CHADEMA. Miaka mitano ikapita. Mwaka 2015 majimbo yote mawili yakarudi kwa CCM: Nyamagana kwa Bwana Stanslaus Mabula, Ilemela kwa Bibi Angeline Mabula. Mawe ya Mwanza hayakuhama, na watu wake kwa sehemu kubwa walikuwa wale wale. Ila wako waliopima mara ya kwanza, wakapima na mara ya pili.

Mwaka huo huo wa 2015 ulikuwa na fundisho jingine. CHADEMA na wenzake walimsimamisha kugombea urais Bwana Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyetoka CCM, ambaye miaka michache kabla chama hicho kilikuwa kimemshutumu hadharani. Kura ziliongezeka sana. Alipata karibu 40 katika kila 100. Haki yatudai tuseme hivyo. Lakini Katibu Mkuu wa chama, Dakta Willibrod Slaa, aliondoka kwa sababu hiyo, na Bwana Lowassa mwenyewe alirudi CCM mwaka 2019. Mwenye mizani alibaki na swali: yale yaliyosemwa jana yalikuwa kweli au yalikuwa maneno ya jukwaani? Ulimi hauna mfupa, lakini masikio ya watu yana kumbukumbu.

VI. UWANJA WA KATIKATI UKIFA

Sasa tuvuke bahari, maana hatari yenyewe huonekana vizuri zaidi Unguja na Pemba. Katika uchaguzi wa Januari 1961 chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, Hizbu viti 9, na chama cha tatu, ZPPP, viti 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu. Wale watatu wa katikati wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, pande zikawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni, na katika ghasia za siku zile watu 68 waliuawa.

Ubaya haukuwa katika hesabu ya viti. Ubaya ulikuwa kwamba chama kilikwisha kuingia dukani, kisimani na makaburini. Mtu aliacha kununua kwa jirani yake kwa sababu ya chama, akaacha kumzika kwa sababu ya chama. Ugonjwa huo ulirudi Visiwani, na hasa Pemba, baada ya uchaguzi wa mwaka 1995. Mahali kama hapo hakuna tena mpiga kura wa kuvutwa. Kila mtu amekwisha kuhesabiwa tangu tumboni mwa mama yake, na kampeni hugeuka kuwa kuhesabiana na kutishana.

Dawa nayo ilionekana huko huko. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Unguja, wakazungumza. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wataka serikali ya umoja wa kitaifa. Karibu theluthi mbili wakasema ndiyo. Katika uchaguzi wa mwaka huo Dakta Ali Mohamed Shein alimshinda Maalim Seif kwa tofauti ya kura moja hivi katika kila 100, na Visiwa vikakaa kwa amani. Miaka mitano baadaye uchaguzi wa mwaka 2015 ulifutwa, wa marudio wa mwaka 2016 ukasusiwa, na mengi yakaharibika. Hata hivyo twajua sasa kwamba uadui wa vyama si maumbile. Watu waliutengeneza, na watu waliweza kuupunguza.

VII. BASI VYAMA VIFANYE NINI?

Kwa hayo yote twathubutu kuvishauri vyama vyetu, vikubwa na vidogo, mambo sita.

La kwanza, vije na masikio kabla ya kuja na vipaza sauti. Mama wa Mabatini hana haja ya kuambiwa habari za dunia nzima. Ana mfereji unaoziba wakati wa mvua, ana ushuru wa meza, ana mtoto aliyemaliza shule na hana kazi. Atakayemwuliza habari hizo wakati ambapo hakuna uchaguzi, huyo atamkumbuka.

La pili, viteue watu wanaoaminika hata na wasio wanachama. Mgombea asipimwe kwa makofi ya mkutano wa chama tu. Aulizwe jirani yake, aulizwe aliyemkopesha, aulizwe aliyefanya naye kazi.

La tatu, vishinde hoja bila kumtukana mwenye hoja. Wanasiasa husahau jambo jepesi: mtu asiye na chama ana ndugu katika vyama vyote. Ukiwaita wapinzani wako wote vibaraka, umemtukana kaka yake. Ukiwaita wafuasi wote wa chama tawala wezi, umemtukana shemeji yake. Ataondoka mkutanoni akiwa na uchungu, hata kama hoja yako ilikuwa njema.

La nne, vitimize dogo kabla ya kuahidi kubwa. Ahadi ni deni, na mdeni anayekopa tena kabla ya kulipa huogopwa. Diwani aliyezibua mfereji mmoja ana neno la kusema kuliko mgombea aliyeahidi kuigeuza Mwanza kuwa Ulaya.

La tano, viache kununua watu. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, ikaona kwamba yavunja Katiba. Lakini khanga, sukari na noti za usiku hazikukoma. Chama kinachonunua kura chadhani kimempata mtu. Kilichopata ni siku moja ya mtu, na kesho mwenye noti kubwa zaidi atamchukua.

La sita, nalo ndilo zito kuliko yote, vikubali kwamba mizani iwe ya haki kwa wote. Mkulima wa pamba hakuomba mizani ya kumpendelea. Aliomba mizani ya kweli. Vivyo hivyo mpiga kura ataka daftari la kweli, tume anayoiamini, wagombea wasioenguliwa kwa hila, na hesabu ya kura inayofanywa mbele ya macho. Bila hayo, mashauri yetu matano ya kwanza ni bure, kwa kuwa mtu hana sababu ya kupima ikiwa mizani imekwisha kufungwa.

VIII. OKTOBA 2025

Hatuwezi kulimaliza somo hili tukanyamaza juu ya mwaka 2025. Mwezi wa Aprili mwaka huo kiongozi wa CHADEMA, Bwana Tundu Lissu, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na chama chake, kilichokuwa kikidai mabadiliko kabla ya uchaguzi na kilichokataa kutia sahihi kanuni za maadili, kikaondolewa katika uchaguzi. Tarehe 29 Oktoba 2025 kura zilipigwa. Siku hiyo na zilizofuata zilizuka ghasia katika miji kadhaa, Mwanza ikiwa mmojawapo, na watu walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66 ya kura.

Hatutaki kutonesha vidonda vya waliofiwa. Twasema neno moja tu. Penye tangazo la karibu kura zote, na penye vilio barabarani siku hiyo hiyo, hapana budi wako watu wengi sana ambao sauti yao haikupata pa kukaa. Baadhi yao ni wapinzani. Lakini wengi, twaamini, ni watu kama mama wa Mabatini, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, ila walitaka wasikilizwe, wapewe cha kuchagua, kisha waachwe wapime. Tangu siku ile kila upande huwavuta kwa nguvu: huku huambiwa kwamba kulalamika ni usaliti wa nchi, kule huambiwa kwamba kunyamaza ni usaliti wa waliokufa. Tukiwaacha wavutwe hivyo hadi uwanja wa katikati ubaki mtupu, tutayaona bara yale yaliyoonekana Visiwani.

Kwa hiyo twawaomba wenye madaraka, kwa heshima yote, waukumbuke Uamuzi wa Busara. Mwaka 1958 chama chenye nguvu kilijizuia, kikawaendea wasio wake na kuwatoa hofu. Twawaomba na walio nje ya madaraka wakumbuke kwamba hasira, hata iwe ya haki, haimvuti mtu mwenye woga. Na twawaomba ninyi, wasomaji wetu, akina baba na akina mama, msione aibu kutokuwa na chama, wala msijivunie. Aliye na chama akitumikie kwa uaminifu, naye asiye na chama asibaki nyumbani akadhani ametenda hekima. Mizani iliyofungiwa kabatini haipimi kitu.

Juma lililofuata tulipita tena pale Mabatini. Kijana yule alikuwa pale pale, safari hii ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ana samaki mkononi. Alikuwa akimweleza mama juu ya chama chake polepole, bila ukali. Mama alikuwa akimsikiliza. Hatukujua kama alimshawishi. Lakini hakumwita popo tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, katika jamaa yetu wako watu wa vyama mbalimbali? Tunaweza kuzungumza siasa mezani bila kuondoka kwa hasira? Ikiwa hatuwezi, nini chatuzuia?

2. Taja ahadi moja iliyotolewa katika kata yetu. Ilitimizwa? Ni nani aliyemwuliza mwenye kuahidi?

3. Wakulima wa pamba walijiwekea wapimaji wao wenyewe. Sisi twaweza kufanya nini ili tujue ukweli wa mambo ya kata yetu kabla ya kupiga kura?

4. Kwa nini TANU mwaka 1958 ilitafuta kura za watu wasioweza kuwa wanachama wake? Je, kama ingesusa, mambo yangekuwaje?

5. Jirani aliyefiwa ni wa chama tusichokipenda. Tutakwenda kuzika? Watoto wajibu kwanza, kisha wazazi.